Visiwa Vilivyodhaniwa Kuwa Uchafu

Leo hatuna mapishi wala mambo ya ngozi na nywele, ingawa nywele tutazigusa kidogo mbele. Leo tuna historia, na imeanzia kwenye kitambaa kilichotuharibikia.

Baadhi yenu mnajua kwamba ndugu yetu mmoja ameolewa Buhemba, wilaya ya Butiama, mkoa wa Mara. Ni mbali. Unapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha basi kwa zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea Musoma, kisha usafiri mwengine tena mpaka kwenye mji huo mdogo unaojulikana kwa dhahabu. Hapa nyumbani watu wakimtaja husema, "Yule kapotea bara." Wanasema kwa mzaha, lakini yeye akisikia humuuma.

Binti yake yuko kidato cha pili na anapenda hisabati. Siku moja aliona kwenye simu picha ya umbo jeusi, nene, kama mdudu aliyelala, limezungukwa na miale, mizunguko na mikia kama ya farasi wa baharini. Aliipenda mno. Mama yake akatuomba tumchapishie picha hiyo kwenye kitambaa kikubwa kama kanga, aitundike ukutani. Sisi tukaichukua kwenye simu, tukampelekea fundi wa mabango, tukalipa, tukachukua. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu ilikuwa vigae vitupu, viboksi juu ya viboksi. Muda wa kuirudia hatukuwa nao, mtu wa kuibeba alikuwa anasafiri kesho yake, tukaituma hivyo hivyo kwa aibu.

Baada ya wiki moja mtoto alituandikia masuali mawili. La kwanza: "Mama wadogo, mbona nikisogea karibu inakuwa viboksi, na walisema picha hii haina mwisho?" La pili: "Hivi vinukta vyeusi vilivyo mbali na umbo kubwa ni uchafu wa mashine?"

Hatukuwa na jibu hata la moja. Tukaanza kusoma, na kumbe suali lake la pili liliwahi kuwasumbua watu wazima wenye mashine za thamani zaidi kuliko zetu, zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Tulichokijua kutoka kwenye kanga

Tuanze na tunachokijua. Sisi watu wa mwambao hatuna ugeni na picha kubwa iliyochapwa kwenye nguo. Kanga moja ina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa karibu sentimita 150. Ina pindo lake, ina mji wake katikati, na ina jina lake. Wazee wanasimulia kwamba zamani wanawake waliunganisha leso kwa sindano mpaka ikapatikana nguo moja kubwa, na kwamba jina la kanga limetokana na ndege kanga mwenye madoa meupe. Mwanzo mapambo yalipigwa kwa mihuri ya mbao, baadaye zikaja roli na skrini za viwandani. Huko Mara nako si wageni wa mambo haya: pamba inalimwa, na Musoma ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Mutex.

Sasa mtazame kanga yenye maua madogo mjini. Ua la kwanza na ua la mwisho ni sawasawa kwa ukubwa. Roli imezunguka, ua limerudi. Ukilisogelea ua hilo kwa kioo cha kukuzia, ndani yake hutakuta ua jengine. Utakuta rangi, kisha nyuzi.

Picha aliyoipenda mtoto wetu ina tabia nyengine. Ndani ya ua kuna ua dogo, ndani ya hilo kuna dogo zaidi, na hakuna pahala pa kusimama. Maumbo ya namna hii huitwa fraktali. Jina hilo lilitungwa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924, akakulia Ufaransa na kufanya kazi miaka mingi Marekani katika maabara ya utafiti ya kampuni ya IBM. Alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika vipande.

Lakini wanawake wa Afrika hawakungoja jina. Mwaka 1999 mtafiti wa Kimarekani, Ron Eglash, alichapisha kitabu juu ya fraktali za Afrika. Alionyesha vijiji vilivyojengwa kwa duara ndani ya duara, misalaba ya Ethiopia yenye misalaba midogo kwenye ncha zake, na misuko ya nywele ambamo kila pindo la msuko ni lile lile la kabla yake, limekuzwa au limepunguzwa kidogo. Mwenye kusuka anajua. Unaanza na kijinywele kidogo kwenye paji la uso, unaongeza na kuongeza kwa kipimo kile kile, mpaka unafika kisogoni. Mkono unahesabu hata kama mdomo uko kwenye mazungumzo.

Waliohesabu bila kuona

Kwa upande wa vitabu, mambo yalianza kwa mashaka. Mwaka 1904 Helge von Koch wa Sweden alichora mstari wa ajabu. Chukua mstari wa mita moja, ugawe mara tatu, toa kipande cha kati, weka badala yake pande mbili za pembetatu. Sasa una vipande vinne vilivyo sawa, na urefu umeongezeka kwa theluthi moja. Fanya hivyo hivyo kwa kila kipande, tena na tena. Baada ya mara 10, ile mita moja imekuwa karibu mita 17.8. Baada ya mara 20 imepita mita 315, na bado unaweza kuifunika kwa mtandio.

Miaka ya 1917 na 1918, Wafaransa wawili, Gaston Julia na Pierre Fatou, kila mmoja kwa njia yake, walichunguza kinachotokea ukichukua namba, ukaifanyia hesabu, jibu ukalifanyia hesabu ile ile, na hilo tena, bila kuacha. Julia alikuwa kijana aliyejeruhiwa vitani, amepoteza pua, na maisha yake yote alivaa ukanda wa ngozi usoni. Waliandika kwa undani juu ya maumbo ambayo hapakuwa na mkono wa mtu wala mashine ya kuyachora. Waliyajua kama mtu anavyomjua jamaa kwa barua tu.

Utaratibu wa kufuata hatua kwa hatua na kurudia, ambao ndio roho ya kompyuta, una jina ambalo limetoka kwetu Waislamu. Neno algorithimu ni jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, lililopinda midomoni mwa Wazungu. Tunalitaja si kwa kujisifu. Tunalitaja kwa sababu binti zetu wengi wanaambiwa mambo haya ni ya watu wengine.

Mwambao una urefu gani?

Mtu wa kisiwani atalielewa suali hili haraka. Mwambao wa kisiwa chako una urefu gani? Ukipima kwa gari ukifuata barabara, utapata jibu moja. Ukitembea kwa miguu ukifuata kila hori na kila rasi, utapata jibu kubwa zaidi. Mdudu akizunguka kila jiwe la matumbawe, yake itazidi yako mara nyingi.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliligundua jambo hili alipokuwa akitafuta urefu wa mipaka ya nchi. Alikuta mpaka wa Hispania na Ureno umeandikwa kilomita 987 kwengine na kilomita 1,214 kwengine. Hakuna aliyedanganya. Waliopata namba kubwa walipima kwa kijiti kifupi zaidi. Mwaka 1967 Mandelbrot aliandika makala mashuhuri katika jarida la Science, akiuliza urefu wa pwani ya Uingereza, na akaonyesha kwamba jibu linategemea kipimo unachokitumia.

Kwa ndugu yetu aliyeko Mara, mfano uko karibu. Ziwa Victoria, ambalo Musoma imekaa ukingoni mwake, huandikwa mara nyingi kwamba mwambao wake ni karibu kilomita 3,440. Walipouchora upya kwa ramani zenye kipimo cha 1:25,000, ambazo huonyesha vijighuba vidogo, ilipatikana kilomita 7,142. Ni ziwa lile lile, na urefu umezidi mara mbili kwa sababu ya jicho lililotazama kwa karibu zaidi.

Shikeni neno hilo, wapenzi, maana yote yanayofuata yamekaa juu yake. Ukitazama kwa kipimo kikubwa, vitu vidogo havionekani, na baadaye unaanza kusema havipo.

Nyota za taipureta na vumbi la printa

Mwaka 1978 Wamarekani wawili, Robert Brooks na Peter Matelski, walitoa picha ya kwanza ya umbo lile jeusi. Ilichapwa kwa alama za nyota, zile zilizopo kwenye taipureta, nyota kadhaa katika kila mstari. Ukiiona leo unaweza kuidharau. Inafanana na kushona kwa msalaba kwa mtoto anayejifunza. Lakini umbo liko pale, tumbo na kichwa.

Mandelbrot alilifikia umbo hilo kwa njia yake mwaka 1980. Hesabu yenyewe ni fupi. Chagua nukta kwenye ubao, nukta hiyo ina namba yake. Anza na sifuri. Zidisha kwa yenyewe, ongeza namba ya nukta. Jibu lizidishe kwa lenyewe, ongeza namba ile ile. Endelea. Kwa mfano nukta yenye namba 1 inakupa 0, 1, 2, 5, 26, na inakimbia isishikike. Nukta yenye namba -1 inakupa 0, -1, 0, -1, inazunguka pale pale milele. Zinazobaki zinapakwa rangi nyeusi. Zinazokimbia zinapakwa rangi nyengine, kulingana na hatua ngapi zilichukua kabla ya kukimbia. Basi. Maua yote na mikia yote imetoka kwenye kuzidisha na kujumlisha.

Picha zake za mwanzo zilikuwa na ukungu, na pembeni ya umbo kubwa palikuwa na vinukta. Printa za zama zile zilikuwa na tabia ya kuchafua karatasi, kwa hiyo mtu angeweza kusema ni wino umedondoka. Njia ya kujua ilikuwa moja tu: kurudia kwa mashine bora na kwa kipimo cha karibu zaidi. Wakarudia. Baadhi ya vinukta vilitoweka, hivyo vilikuwa uchafu kweli. Vyengine vilibaki pale pale, na vilipokuzwa vikaonekana vina tumbo na kichwa, kila kimoja nakala ndogo ya umbo kubwa. Mandelbrot aliviita visiwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Katika historia ya somo hili husimuliwa kwamba makala yake ya mwaka 1980 ilipokwenda kuchapishwa, wachapaji waangalifu waliona vinukta karibu na picha, wakadhani ni vumbi, wakavisafisha. Makala inazungumza juu ya visiwa, na kwenye picha visiwa havipo. Vimefutwa na watu waliokuwa wakifanya kazi yao vizuri.

Na hadithi haikuishia hapo. Kwa kuvitazama, mtu angesema visiwa hivyo vimejitenga, kila kimoja peke yake kwenye bahari. Mwaka 1982 wanahisabati Adrien Douady na John Hubbard, ambao ndio walioliita umbo hilo kwa jina la Mandelbrot, walithibitisha kwamba si hivyo. Umbo lote ni kitu kimoja. Kila kisiwa, hata kiwe kidogo na mbali kiasi gani, kimefungwa na umbo kubwa kwa nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko nukta yoyote ya printa. Nyuzi hazikuonekana kwa sababu hakuna karatasi iliyoweza kuzionyesha. Zilijulikana kwa hoja kabla ya kuonekana kwa macho.

Na kwa sababu hii ni baraza ya wanawake, tumtaje pia Tan Lei, mwanamke mzaliwa wa China aliyefanya kazi Ufaransa. Mwaka 1990 alionyesha kwamba kwenye sehemu maalumu za ukingo wa umbo la Mandelbrot, ukikuza sana, unachokiona kinafanana na maumbo yale ambayo Julia aliyahesabu mwaka 1918 bila kuyaona. Alifariki mwaka 2016. Binti wa Buhemba sasa ameliandika jina lake kwenye jalada la daftari.

Kutoka maabara hadi mezani

Mwanzoni picha hizi zilikuwa za wenye maabara. Mwaka 1985 umbo hilo lilitokea kwenye jalada la jarida la Scientific American, na watu wakaanza kulitafuta kwenye kompyuta zao za nyumbani. Mwaka 1986 Wajerumani Heinz-Otto Peitgen na Peter Richter walitoa kitabu chenye picha za rangi zilizochapwa kwa ubora mkubwa, na maonyesho ya picha zao yalizunguka nchi nyingi. Kwa mara ya kwanza watu walisimama mbele ya fraktali iliyotundikwa ukutani kama mchoro wa msanii.

Mwaka 1988 ikatoka programu ya bure iliyokuja kujulikana kama Fractint, iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Ilikuwa na ujanja wa kufanya hesabu kwa namba nzima, kwa sababu kompyuta za zama zile zilikuwa nzito kwa desimali. Ilikuwa pia na njia ya kuandika picha kubwa kuliko kioo moja kwa moja kwenye diski, sehemu baada ya sehemu, bila kuionyesha. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoweza kuandaa picha ya kuchapwa, si ya kutazamwa kwenye kioo tu. Mwaka 1996 ikaja XaoS, ya bure pia, inayokuwezesha kuingia ndani ya picha kama unayeteremka kisimani.

Kisha kukawa na kizuizi kingine. Kompyuta kwa kawaida hushika tarakimu 15 au 16 tu za kila namba. Ukizama ndani sana, nukta mbili zilizo jirani zinakuwa na namba zisizotofautiana mpaka tarakimu ya 17, na mashine inaziona ni moja. Picha inageuka viboksi. Kushika tarakimu nyingi zaidi kunawezekana, lakini ni polepole mno. Mwaka 2013 K. I. Martin alieleza njia nzuri: hesabu nukta moja tu kwa tarakimu nyingi, kisha majirani zake wote wahesabu kwa tofauti yao na yeye. Picha zilizohitaji wiki zikawa za saa.

Kwa nini yetu iliharibika

Sasa tumjibu mtoto suali lake la kwanza. Kosa halikuwa la fundi. Lilikuwa letu.

Picha tuliyoitoa kwenye simu ilikuwa na nukta 1,080 upande wake mrefu. Tukaivuta ikae kwenye sentimita 150. Kila nukta ikawa na upana wa karibu milimita 1.4, na hicho kinaonekana kwa macho matupu. Fraktali haina mwisho, lakini picha ya fraktali ina mwisho, na mwisho wake ni pale aliyehesabu alipoacha. Kuivuta hakuongezi kitu. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria imejaa, nazi ni ile ile.

Ukitaka picha kubwa, inabidi hesabu ifanywe kwa ukubwa huo tangu mwanzo. Kwa kitabu au kitu cha kutazamwa karibu, wachapaji hutaka nukta 300 kwa kila inchi, yaani karibu nukta 12 katika milimita moja. Kwa kitambaa cha ukubwa wa kanga hiyo ni nukta karibu 13,000 kwa 17,700, jumla milioni 230. Ikiwa kila nukta inaweza kufanyiwa hatua hadi 1,000, mnaona wenyewe kazi aliyopewa kompyuta. Faili lake kabla ya kubanwa ni karibu megabaiti 690. Kwa kitu cha ukutani nukta 150 kwa inchi zinatosha, maana hakuna anayetia pua kwenye pazia.

Tulichofanya mara ya pili ni hiki, na mkitaka mnaweza kufanya. Tulitumia programu ya bure na kompyuta ya kawaida. Tulihesabu kwa ukubwa wa nukta 300 kwa inchi, kisha tukapunguza hadi 150 kwa kuchanganya kila nukta nne kuwa moja, ili kingo ziwe laini zisiwe na meno. Tuliiacha ikihesabu vipande vipande usiku, asubuhi tukaviunganisha. Tulihifadhi kwa PNG, kwa sababu JPEG inapobana sana hula vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo tunavyovitaka. Hatukumtumia fundi kama picha ya WhatsApp, maana huko picha hupunguzwa. Tulimpelekea kwenye flashi. Tukamwomba kwanza achape kipande cha ukubwa wa kiganja, tukitazame, ndipo achape chote. Na tukamwambia wazi, kwa karatasi iliyoandikwa: "Vinukta vyeusi vilivyo pembeni si uchafu. Tafadhali usivifute."

Alicheka. Lakini hakuvifuta.

Kitambaa kimefika Buhemba

Ndugu yetu anasema kule Buhemba jambo hili halikuhitaji maelezo mengi. Kwenye machimbo madogo, jiwe linasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa kwenye mwalo, dhahabu inachukuliwa, na mchanga unaobaki huitwa marudio. Mgeni ataona lundo la uchafu. Mwenyeji anajua marudio yanauzwa, yananunuliwa, yanachenjuliwa tena, kwa sababu bado yana dhahabu ambayo jicho la kwanza halikuiona. Miongoni mwa wanaoponda mawe na kuosha mchanga huko Mara ni wanawake, wanaolisha watoto kwa chembe ambayo wengine wameshaipita.

Kitambaa kimetundikwa sebuleni. Mtoto alisimama akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, na safari hii hakukuta viboksi. Alikitafuta kisiwa kimoja kwa kidole, upande wa kushoto wa umbo kubwa, akakiona kina tumbo na kichwa. Kisha akaufuata uzi wake. Mwenyewe uzi hauchapiki, lakini rangi zilizouzunguka zilikuwa zinabana kuelekea kwake kutoka pande zote mbili, na kwa rangi hizo alijua umepita wapi. Akaufuata mpaka kwenye umbo kubwa.

Mama yake alitupigia simu usiku ule. Alituambia habari za mtoto, habari za mvua, habari za bei ya sukari. Mwisho akasema, "Na nyinyi huko, mkinitaja, msiseme tena nimepotea."

Hatukuwa na la kujibu. Tulimwomba radhi.

Wapenzi, kila ukoo wa kisiwani una mtu kama huyu. Yuko Mara, yuko Muscat, yuko Kigoma, yuko London. Hapigi simu kila wiki, kwenye arusi haonekani, kwenye picha ya Idi hayumo, na polepole tunamsafisha kwenye mazungumzo kama vumbi, bila ubaya wowote. Kabla hujasema mtu amepotea, jiulize umemtazama kwa kipimo gani.

Sisi tumekubaliana: kila Ijumaa baada ya Alasiri mmoja wetu anapiga simu Buhemba. Tuandikieni na nyinyi mnampigia nani. Na mwenye binti anayependa hisabati na anataka faili la picha achape kwa ukubwa wa kanga, atuambie, tutampa bila malipo.

Panapo majaaliwa tukutane tena wiki ijayo. Wassalaam.